Kilio cha Tonton Hubert

Siku Jemima alipomuua mjomba wake kwa mdomo, Rachida ndiye aliyekuwa wa kwanza kumlilia marehemu.

Ilikuwa Jumapili alasiri, uani kwa Mama Berthe, mtaa wa Kabondo. Wanawake wa soko dogo, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili, walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakifanya likelemba yao. Kila Jumapili kila mmoja alitoa franga elfu ishirini, na mmoja wao, kwa zamu, akaubeba mfuko mzima. Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Rachida, muuza pondu, yaani majani ya mihogo, mama wa watoto wanne, miaka thelathini na tisa. Alikuwa ameingoja tangu mwezi wa sita. Mkobani mwake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya kituo kinachowafundisha wanawake wazima kukata na kushona nguo: miezi tisa, franga elfu mia mbili, zilipwe zote kwa mara moja, mwisho wa kuandikisha Ijumaa. Karatasi hiyo alikuwa amemwonyesha mtu mmoja tu sokoni, naye ni Jemima.

Berthe alikuwa ndio kwanza ameanza kupanga noti wakati lango liliposukumwa. Jemima aliingia miguu mitupu, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono kichwani.

“Mama eee! Tonton Hubert ananiacha! Banapiga simu toka Ubundu, banasema banashamuzika kule kule!”

Rachida alimrukia, akamkumbatia, akaanza kulia naye. Hakuwa amemwona huyo tonton hata siku moja, lakini Jemima alikuwa rafiki yake. Miaka minane walikuwa wameuza meza kwa meza chini ya mwavuli mmoja, Jemima na chupa zake za mafuta ya mawese, Rachida na mafungu yake ya pondu. Ukilia, nami nalia, ndivyo walivyoishi.

Likelemba hiyo haikuwa na daftari wala katiba. Ilikuwa na vinywa kumi na viwili, na vinywa hivyo vilikuwa na sheria moja isiyobishaniwa: mwenye kilio hupita mbele, mara moja tu kwa kila maiti. Zamu ya nani, shida gani, hayo baadaye. Kwanza maiti.

Berthe, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambaye kwa miaka kumi ndiye aliyeshika mfuko, alimgeukia Rachida.

“Mama Binti,” alisema, maana kifungua mimba wa Rachida aliitwa Binti, “zamu ilikuwa yako. Neno iko ya kwako.”

Wote walimtazama. Rachida aliigusa ile karatasi mkobani.

“Mi nitasema nini? Kilio iko kilio,” alisema, na akautia mfuko mikononi mwa Jemima yeye mwenyewe.

Nyinyi mnaosoma mtasema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu, na adabu ndiyo mlango ambao mwizi wa mtaani kwetu hupitia bila kuvunja kitu.

Siku mbili zilizofuata Rachida alitwanga pondu ya waombolezaji bure. Mumewe, Lukumani, alikuwa na toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu pikipiki moja imsukume mtaroni wakati wa Pasaka. Hata hivyo alibeba kuni na viti vya kukodi, safari sita, na hakuomba hata chai.

*

Jumanne Rachida alikwenda kituoni. Alivaa viatu vyake vya Idi, akapanga maneno njiani.

Aliyeandikisha wanafunzi ndiye pia aliyefundisha: Madame Vicky, mtu wa Kindu, mwenye futi ya kupimia shingoni na subira kidogo sana.

“Bonjour, madame. Nauliza kama munaweza kunipokea kwa tranche. Nusu leo, nusu mwezi wa kumi.”

“Mama, hapa haiko soko ya samaki ya makayabu. Banalipa yote, ao banabaki nyumbani.”

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Rachida naye alicheka, maana ukichekwa usipocheka unaonekana umeumia.

“Lakini nafasi ingali?”

Madame Vicky aligeuza orodha. “Inabaki moja tu. Leo asubui mama mwingine analipa cash, franga mupya mupya. Na ujue sheria: kukosa masomo mara tatu, kama haiko ugonjwa wala kilio, jina inafutwa. Franga hairudi.”

Rachida alikuwa amesoma hadi darasa la tano la msingi. Majina aliweza kuyasoma hata yakiwa yamepinduliwa, na jina la mwisho kwenye orodha, wino wake bado ukimeta, lilikuwa la Jemima.

Alitoka nje akasimama juani. Moyo wake ulitafuta njia za kumtetea rafiki yake, na ulizipata. Labda ni Jemima mwingine. Labda huzuni inamfanya mtu atake kubadili maisha. Pesa za kilio ni za mwenye kilio. Akitaka anunue sanda, akitaka anunue masomo. Alijisemea hivyo hadi mbele ya duka la kaka yake.

Kaka yake mkubwa, Mohamadi, yaya kama alivyomwita, aliuza vipuri vya baiskeli mjini kati, na miezi hiyo biashara ilikuwa ikimnyookea. Alimsikiliza huku akifunga boksi la minyororo.

“Masomo? Weye? Na miaka arobaini?”

“Thelathini na tisa, yaya. Bwana yangu haiko na goti tena. Mi nataka kazi ya mikono yangu.”

“Unayo kazi. Pondu iko kazi.” Alifungua droo, akatoa noti ya elfu tano, akaipitisha juu ya kaunta mbele ya wateja watatu. “Shika. Ya sukari ya batoto.”

Rachida aliichukua. Usiku mzima aliiona ile noti, na vile vidole viwili vilivyoishika pembeni kana kwamba yeye ndiye mchafu.

*

Jumatano mchana kengele ya toleka ililia mlangoni bila kukoma.

“Mama Binti! Toka! Kuja uangalie mutu minabeba!”

Lukumani alikuwa amelowa jasho. Nyuma ya baiskeli alikaa mzee mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, amepakata gunia la viwavi vikavu vya kula. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo, ambayo hayakuwa mengi.

“Namukuta Lubunga, ku bivuko,” Lukumani alisema. “Anatoka Ubundu, siku ine ku njia. Namuuliza, papa, unaenda wapi? Anasema Kabondo, kwa mutoto ya dada yangu. Nani? Jemima, anauza mafuta. Nasema, na weye jina? Anasema Hubert.” Alishusha sauti. “Mama Binti, mi nabeba mutu ule minabebeaka kuni ya kilio yake.”

“Kilio ya nani?” mzee aliuliza.

Rachida alishikilia mlango. Yale yote aliyokuwa amemtetea nayo Jemima tangu jana yalianguka kwa mara moja. Hasira ilimpanda kuanzia miguuni, polepole, ya moto, na lazima isemwe kwamba haikuwa mbaya. Kwa siku mbili alikuwa ameona aibu na sasa aibu ilikuwa imepata mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Jemima alikuwa amehesabu kwamba njia ya Ubundu ni ndefu, tope tupu, treni ya kungojea, mzee asiye na simu. Nani atakwenda kumtazama kaburini? Alikuwa amesahau kitu kimoja tu, kwamba maiti wake ana miguu.

“Karibu, tonton,” Rachida alisema, sauti laini kama ya Berthe. “Jemima haiko leo, anarudi kesho saa kenda. Utapumzika hapa. Utakula.”

Alimpa wali, pondu na kipande kikubwa cha samaki. Mzee alikula kwa furaha, akawasimulia watoto alivyokuwa akipaka rangi mabehewa enzi za ujana wake, akawapa viwavi. Alimletea mpwa wake gunia zima auze. Alisema alikuwa na ndoto mbaya juu yake, ndiyo maana alikuja.

“Iko muzima, huyu mutoto wangu?” aliuliza.

“Iko muzima kabisa,” Rachida alijibu, akamwongezea wali.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kufunga matanga. Wanawake wa likelemba walifika wote wamevaa kitenge kimoja, kile cha maua ya zambarau, wakaketi kwenye mikeka uani kwa Jemima. Juu ya kiti, ndani ya fremu yenye shada la plastiki, ilisimama picha ya Tonton Hubert akiwa kijana zaidi, kofia ileile ya sufu. Majirani walijaa hadi barabarani, maana siku ya kufunga kuna chakula.

Jemima alisimama kushukuru. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi na sauti yake ilikwaruza vizuri.

“Munanibeba kama mutoto. Tonton Hubert kule iko anaona yote munafanya...”

“Anaona kabisa,” Rachida alisema kutoka nyuma. “Ndeko, dada yangu, nakuletea mugeni.”

Kengele ya toleka ililia langoni. Lukumani aliingia akichechemea, akimshika mzee mkono.

Kuna waliopiga kelele. Kuna aliyepindua sufuria ya kahawa, na mama mmoja aliruka ua la miti kwa wepesi ambao hajaurudia tena tangu siku hiyo. Tonton Hubert alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kile kiti, akaitazama picha, akaligusa shada.

“Ile si mi?” aliuliza. “Jemima, nani anakufa?”

Jemima alipiga magoti papo hapo, kitambaa cheusi kikamtoka kichwani. Mjomba si mtu wa kuchezewa; ulimi wake unaweza kukubariki na unaweza kukufunga. Lakini mzee hakulaani. Alingoja jibu tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Tonton, unisamehe. Nilitaka masomo. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, mwezi wa kumi na moja, na masomo inafunga kesho. Bwana anakimbia, unajua. Mafuta hailipi. Nilisema, tonton iko mbali, hatajua...”

“Ungeniomba mi,” Rachida alisema. Alikuwa amefika mbele bila kujijua. “Nilikuonyesha karatasi na mikono yangu. Ungeniomba zamu.”

Jemima alimtazama kwa macho makavu ghafla. “Na ungenipa?”

Rachida asingempa, na wote wawili walilijua hilo. Hapo ndipo hasira yake ilipogeuka kitu kingine, kitu kigumu kinachoweza kuwekwa akiba.

Mama Berthe alijikokota akasimama katikati yao.

“Bon. Tusikie. Franga inaenda ku masomo, hairudi. Kwa hiyo njia iko mbili. Moja: Jemima analipa Mama Binti elfu kumi kila Jumapili mupaka yote inaisha, anaomba batu yote masamaa, na kilio hii tunaifuta, kama haikukuwa. Ya pili...” Alisita. “Ya pili, tunaacha vile. Franga ilitoka kwa kilio, inabaki ya kilio. Mama Binti anabeba mufuko Jumapili inakuja. Lakini munajua kanuni yetu. Maiti moja, kilio moja. Hatulilie mutu mara mbili.”

Wanawake walinong’ona. Njia ya pili Berthe aliitaja kukamilisha tu, kama mtu anayeonyesha shimo ili watu wasiingie. Kila mmoja alingoja Rachida achague ya kwanza.

“Ya pili,” Rachida alisema.

“Mama Binti, fikiri muzuri...”

“Nafikiri tangu jana. Sitaki elfu kumi yake. Alisema tonton wake anakufa, mi nilisadiki. Nilitwanga, nililia, bwana yangu anaharibu goti. Basi anakufa. Siku ingine Jemima akituita, tutamujibu: tulishalia.”

Jemima alilia sasa, kilio cha kweli, na hakuna aliyemkumbatia. Rachida aliuonja utamu wake kama asali inavyoonjwa, polepole, kwa ncha ya ulimi.

Kisha aliona Tonton Hubert anamtazama. Mzee alikuwa ameishika picha yake kifuani.

“Mama,” alisema kwa upole, “jana nilikula pondu yako. Leo unanizika?”

“Si mi, tonton. Iko mutoto ya dada yako.”

Alisema hivyo kwa sauti imara. Lakini aliangalia chini, na Lukumani, aliyemjua, aliona.

*

Mfuko wa Jumapili ulikuwa wa Jumapili, na kituo kilifunga Ijumaa. Kisasi hakilipi ada.

Ijumaa alfajiri Rachida alilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Mlikuwa na vitenge sita vya wax, vya kweli, vya mama yake, ambavyo havikuwahi kuvaliwa. Kwao sanduku hilo ndilo benki; linafunguliwa binti anapoolewa au mtu anapokufa. Alivipeleka kwa Clémence, mfanyabiashara wa vitambaa kwenye soko kuu, ambaye alivinusa, akavikwaruza kwa ukucha na kulalamika kwamba vina harufu ya karafuu.

“Kila kimoja elfu makumi tatu na tatu.”

“Mama, hiki kimoja pekee kinazidi elfu makumi sita!”

“Basi uvae,” Clémence alisema, na akageukia mteja mwingine.

Vilikwenda vyote sita. Ile noti ya elfu tano ya Mohamadi ilijazia pengo, na Rachida akapata uchungu wa kumshukuru moyoni. Saa tisa kamili alikuwa mbele ya Madame Vicky, akihema.

“Weye wa mwisho. Sikia, mashine haitoshi. Bale babili ba mwisho banashirikiana moja. Mumoja anashona, mwingine anakata. Utakaa na... Jemima. Munajuana?”

“Tunajuana,” Rachida alisema.

Miezi mitano walikaa bega kwa bega. Sokoni kila mmoja alikuwa na mwavuli wake; darasani walikuwa na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na zamu ya kila mmoja ilikuwa nusu saa kwa saa ya ukutani. Hawakusema ila maneno ya kazi: mkasi, uzi, sogea. Jemima alikuwa na mkono mzuri, hilo Rachida aliliona kwa uchungu. Mishono yake mwenyewe ilikwenda upande, kwa sababu alipoanza tu kuzoea, nusu saa iliisha na yule mwingine akavuta kiti. Alikuwa amelipa kwa nguo za mama yake apate nusu ya mashine, na nusu nyingine ilikaliwa na mwizi wake.

*

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Tonton Hubert alirudi Kabondo, safari hii akiwa mgonjwa wa kitandani. Kifua kilikuwa kimemjaa. Jemima alimuuguza nyumbani, akakosa masomo siku mbili, Jumanne na Jumatano, akaona haya kusema sababu, maana nani angesadiki? Madame Vicky aliziandika zote mbili. Jumatano mzee alifariki, saa ya mchana, kofia kichwani.

Alhamisi, kabla ya masomo, Mama Berthe alifika kwa Rachida, akakaa bila kuvua kitambaa cha kichwani.

“Mama Binti. Sasa iko kweli. Nilimuona na macho yangu. Jemima iko peke yake na maiti, anakodi viti makumi mawili na batu iko batatu. Hata kuni hakuna. Banamama banasema: neno ilitoka kwako, inaweza kurudi kwako. Ukisema twende, tunaenda yote, leo leo.”

Lukumani alikuwa mlangoni akipaka goti mafuta. “Mama Binti,” alisema. “Ule muzee alikula hapa.”

Rachida alimkumbuka akiwagawia watoto viwavi. Alimkumbuka akiuliza kama huyu mtoto wake ni mzima. Lile neno twende lilimfika mdomoni, na kama Berthe angenyamaza dakika moja zaidi, labda lingetoka. Lakini Berthe aliongeza:

“Jemima mwenyewe ananituma. Anasema, mwambie ndeko yangu.”

Ndeko yangu. Rachida aliinuka, akachukua mkoba wake.

“Maiti moja, kilio moja,” alisema. “Nachelewa masomo.”

Alipita mbele ya ua la Jemima kwa sababu ndiyo njia. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari, vyeupe, vitupu. Jemima alikuwa ameketi mkekani karibu na jeneza la mbao mbichi, na ile picha ilikuwa juu ya kiti kilekile, shada lilelile. Alimwona Rachida. Aliinua mkono kidogo, si kuita, kama mtu anayekinga jua. Rachida hakupunguza mwendo.

Darasani alikaa kwenye mashine. Nusu saa ilipita, na hakuna aliyemwambia sogea. Alikanyaga. Kitambaa kilipita chini ya sindano, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa mshono ulikwenda sawa, kutoka bega hadi kiunoni, kama uliochorwa kwa rula.

Madame Vicky alikuja na orodha yake, kalamu sikioni.

“Jemima tena? Hii iko mara ya tatu.” Alimtazama Rachida. “Weye unakaa naye Kabondo. Iko mugonjwa? Ao iko na kilio?”

Wanawake wote waliinua vichwa, lakini hakuna aliyekuwa wa Kabondo. Rachida aliukata uzi kwa meno, bila haraka.

“Hapana, madame,” alisema. “Kilio yake ilishapita. Tulilia yote, mwezi wa tisa.”

Kalamu ilikwaruza karatasi, mstari mmoja mrefu. Rachida alikivuta kiti chake hadi katikati ya mashine, akaweka miguu yote miwili juu ya kikanyagio, akaendelea kushona.